Aliyegeuka Kabla ya Mikuyu

Wonosobo, 9 Julai 1993

Dada Wening mpendwa,

Naahidi kukueleza yote, hata yale Mama aliyosema niyaache. Tangu uolewe bila radhi ya Baba, jina lako halitajwi hapa.

Tulikwenda Yogyakarta kwa basi la bei nafuu kabisa, na wali tuliufungasha nyumbani. Baba alikataa baiskeli za abiria, basi tukalizunguka Kasri la Sultani kwa miguu mpaka nyayo zikawaka moto.

“Likizo gani hii, baba Wening—” Mama akajikatiza. “Hata punda hupumzishwa!”

Jioni tukafika kwenye ile mikuyu miwili ya uwanja ulio nyuma ya Kasri. Desturi unaijua: unafungwa macho, unanuia jambo moyoni, na ukipita katikati bila kupinda, litatimia. Mimi na Mama tulipinda mapema. Baba alikwenda sawasawa kama reli. Zilipobaki hatua chache, mwanamke mmoja akamwita mwanawe, “Wening! We Wening, njoo hapa!”

Baba akageuka. Akaifuata sauti ile, macho yamefungwa, mikono mbele, mpaka akaupamia mkokoteni wa mahindi ya kuchoma.

“Mzee, mikuyu iko kule!” muuzaji akamcheka.

“Kitambaa kilinibana,” Baba akasema. Kwenye basi tulikuwa tumechoka mno kumuuliza zaidi.

Leo ameniona nikiandika. Hakuuliza namwandikia nani. Ameuliza tu kama wino unatosha.

Ni mimi mdogo wako Larasati, ninayengoja jibu kwa posta ya kwanza: Idi ijayo utakuja?