Kisu cha Java Kilichomufukuza Mukwe

Élisabethville, tarehe 9 mwezi wa tano 1949

Kwa Baba Mudogo Kalenga, Sakania

Baba mudogo mupendwa,

Mupokee salamu zangu. Muguu wenu uko aje na baridi hii? Mama mudogo Agnès ameacha kukohoa? Mimi mwili uko muzima. Uso tu njo sijui niuweke wapi.

Munajua muke wangu Virginie amerudi kwa baba yake, muzee Chanda. Ninyi mulisimama kati yetu siku za ndoa, na mimi siwezi kumusemesha mukwe wangu jambo kama hili uso kwa uso. Njo maana ninaandika.

Muholandi mumoja wa atelye yetu, aliyekaa zamani Java, alinionyesha picha ya kisu cha bafalme ba kule, kimejikunja kama nyoka anayetembea. Hadisi yao inasema adui akikaribia, kisu kinatetemeka chenyewe ndani ya ala.

Nikafanya changu kwa chuma cha resori, ile inayobeba kamio juu ya magurudumu yake. Mukunjo wa kwanza ulitoka kama mugongo wa muzee mwenye rumatisimu, mingine ikakubali. Mupini ni muti wa mulombwa. Ala niliiacha pana kwa makusudi, nikakitundika kwenye ukuta wa upande wa reli. Gari ya moshi ikipita, ukuta unatetemeka na kisu kinalia. Bantu ba huku bamezoea gari ya moshi, habaisikii tena. Majirani nilibapa hadisi ya Java. Reli sikuitaja.

Jumapili moja muzee Chanda akaja kututembelea, nyumba imejaa majirani. Anaingia tu, gari ya moshi ikapita, kisu kikalia. Ngosa, jirani asiye na kifuniko mudomoni, akacheka: «Eh, Godefroid, adui wako njo huyu?»

Muzee akaniangalia. Neno moja lingetosha. Lakini majirani balikuwa bananiangalia pia, bao banaoniita fundi wa Java. Nikanyamaza.

Muzee akaacha bukari tuliyomupikia bila kunawa mikono. «Virginie, funga bintu.»

Virginie anajua habari ya ukuta. Alinipita mulangoni: «Nilikungoja useme.» Nasikia hata leo hajamuambia baba yake, anasema kinywa cha kuyasema ni changu.

Majirani nimebaambia sasa. Banacheka nikipita, na ni haki yao.

Baba mudogo, nendeni kwa muzee mumuambie yote, musinifunike. Aniite muongo. Hilo ni jina langu. La adui halikuwa lake hata siku moja.

Munisalimie mama mudogo, Rigobert na Jeanne. Virginie, mumuangalie tu kama anakula. Mungu awape maneno mukifika mulangoni kwa muzee.

Mutoto wenu anayewapenda na kuona haya,

Godefroid