Mgonjwa Aliyebana Pumzi

Maganga, usimwambie mtu. Nimetoka chuo cha uuguzi sasa hivi, sina pa kuuficha uso.

Mjukuu wangu Wema alikuwa na mtihani wa vitendo, kuhesabu mapigo na pumzi. Akatafuta mtu wa kulala kitandani awe mgonjwa. Nikajitolea. Nikavaa na suti.

Nikasema mtoto asiaibishwe na babu anayehema kama ng'ombe wa plau. Alipoanza kuhesabu, nikabana pumzi. Nikabana, Maganga! Na macho nikafumba, nionekane nimetulia.

"Babu! Babu!" Nikazidi kubana. Nilidhani ni sehemu ya mtihani.

Akapiga yowe, "Naomba msaada!" Akang'oa tai, akafungua koti kwa nguvu, vifungo vikaruka! Mikono ilipotua kifuani anikandamize, nikaketi: "We mtoto, niko hai!"

Darasa zima hoi kwa kicheko. Nikamsihi mwalimu, mama mmoja mkali, "Kosa langu, usimfelishe."

"Mzee, mwanafunzi amefaulu vizuri sana. Aliyefeli ni mgonjwa."

Mimi, Maganga! Mimi ambaye kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima sikufeli hata somo moja!

Nimemuuliza mwalimu kama kuna mtihani wa kurudia. Kasema upo Jumatatu, ila nije nikihema.