Aliniita Bombo mbele ya kaka yake

Jumapili jioni, Muyinga. Mvua haikatiki. Mume wangu amelala kinywa wazi kidogo, na hata hivyo anawashinda uzuri wanaume wote wa mji huu.

Lakini leo naandika kuhusu kaka yake mkubwa.

Tumetoka Gitega kwa wazazi wake, mara ya kwanza tangu harusi. Nyumbani Evariste ananiita Bombo. Mimi nilikulia Tanzania, kule tunasema pipi, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Jina hili alinipa yeye, siku aliponiletea bombo za tangawizi nikiwa na kikohozi. Nikilisikia, naacha chochote ninachofanya.

Basi mezani likamponyoka: "Bombo, nipe chumvi."

Shemeji akaweka uma chini. Huyu ni mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba maji ya kunawa. Aliishi Bujumbura kidogo, akarudi na miwani na tabia ya kusahihisha watu.

"Bon, unajua neno hiyo inatoka wapi? Mtoto ya Wafaransa anaonja sukari, anasema bon, bon, ni kusema nzuri, nzuri, juu hajue kusema ingine. Iko neno ya batoto. We uko mwanaume, uko na bibi."

Mawifi wakacheka. Evariste akatazama sahani yake.

Nikamdharau hata yeye, kidogo.

Shemeji nilimdharau bila kipimo. Mkewe anamwita "we", watoto wake wanahama chumba akiingia, halafu anatufundisha mapenzi. Kama mtoto alionja kitu kizuri, akakosa neno jingine na kulirudia lile lile, basi mtoto huyo alikuwa na akili kuliko shemeji na Kifaransa chake chote.

Hofu yangu ilikuwa moja: tukirudi nyumbani nitakuwa Madamu, na jina langu limezikwa Gitega.

Chai ikaletwa. Evariste akainua uso. Akasogeza kikombe, baba yake akitazama, akasema taratibu, "Bombo, niongezee sukari."

"Eh, bado tu?" akauliza shemeji.

"Bado. Na nikizeeka pia."

Nikamwaga sukari nusu mezani. Shemeji akafuta miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Asubuhi Evariste akiniita, mara ya kwanza sitaitika. Nataka alirudie.