Maji ya Kwanza ya Robine

Kavimvira, Uvira
Jumapili, 12 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Ndahiro,

Mama yetu Nyiramana tulimpoteza Jumapili ya tarehe 21 Aprili, saa kumi na dakika ishirini za mchana. Leo zimetimia siku ishirini na moja. Hayo unayajua, ulilia kwenye simu na minye yaya wako, dada yako mkubwa, nikalia. Lakini naanza nayo kwa sababu barua hii yote inatoka hapo.

Habari za Kinshasa? Mke wako Marie-Jeanne mgongo umepona? Na Lionel, ameanza kutembea? Sisi huku tuna uzima wa kutosha kufanya kazi. Mashine yangu ya kusaga mihogo inawaka saa moja asubuhi, inazimwa saa kumi, kama enzi zile za kukulipia shule.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye habari ya maji, weye unasema rezo imekatika. Karatasi haina rezo. Thierry muuza vitenge anasafiri kesho kupitia Bujumbura, ameahidi kukukabidhi mwenyewe.

Ulisema kifo cha Mama ni mapenzi ya Mungu. Sipingi, namwomba Mungu huyo huyo. Ila robine, hilo bomba la maji lililo uani kwangu, haikujengwa na Mungu. Ilijengwa na mradi wako wa maji, na Desemba ulikuja mwenyewe kuifungua.

Siku ile ulitia dawa ndani ya kachupa, maji yakawa ya pinki, alama kwamba klore ya kuua vijidudu imo, ukakainua watu wote waone. Halafu ukajaza glasi, ukainywa mpaka chini mbele ya nyumba thelathini na nne zinazochota hapa. "Maji iko safi! Munywe tu, moja kwa moja. Mama, klore yako sasa ufulie mashuka!" Mama alicheka kuliko wote. Kesho yake alifulia mashuka kweli, chupa nzima ikaisha, na hatukununua nyingine.

Sasa nikueleze Ijumaa ya tarehe 19 Aprili, maana hujawahi kuniuliza.

Maji yalikatika Jumanne. Siku tatu robine ilikohoa hewa tu. Mvua ilipiga, mfereji wa avenyi, mtaa wetu, ukajaa, vyoo vya upande wa chini vikafurika ndani yake. Tuyo yetu, ile mipira inayoleta maji kwenye robine, inapita ndani ya mfereji huo huo, hatua kumi na sita nzima, nimezihesabu. Ijumaa alfajiri, saa kumi na moja na dakika hamsini, nikasikia maji yanarudi. Nikashika kopo la Mama, nikakinga yale ya kwanza kabisa.

Kwa nini ya kwanza, weye unajua. Kule kwetu mlimani Mulenge, maji ya kwanza ya chemchemi, kabla ng'ombe hawajashuka na miguu haijavuruga tope, ni ya mkubwa wa nyumba. Miaka ishirini na sita ya kukaa huku chini, Mama hakuiacha desturi hiyo. Alikuwa ameshaketi mlangoni anangoja. "Ulete ya kwanza, usiniletee mabaki ya Josée!" Josée jirani yetu alikuwa nyuma yangu na bidoni zake mbili za kuchotea, akamjibu: "Mama, weye kunywa haraka basi, malkia wa robine, na sisi tuna kiu!" Mama akanywa makopo mawili. Akasema ni baridi kama ya nyumbani.

Jumapili saa tatu asubuhi tumbo likaanza. Aliona aibu, akatuficha masaa mawili. Saa tano tukamfikisha kwenye sentre ya kipindupindu kwa pikipiki, nimemshikilia kwa nyuma. Muuguzi Blandine alitafuta mshipa mkono huu, akatafuta mkono ule. Ngozi ukiivuta ilibaki imesimama, hairudi. Tangu tumbo kuanza hadi mwisho ni masaa saba na dakika ishirini.

Baada ya mazishi sikuweza kukaa. Nilichukua daftari, nikapita nyumba zote thelathini na nne na swali moja: maji ya kwanza ya Ijumaa mliyafanyia nini? Nyumba kumi na moja waliyanywa bila klore, na tisa kati yake ziliugua. Ishirini na tatu waliyafulia, au walichota kwa kuchelewa, au walitia klore. Humo ziliugua mbili tu.

Tarehe 5 Mei maji yalirudi tena baada ya kukatika siku mbili. Nikamwita Blandine na dawa ile ile ya kachupa. Maji ya kwanza yalibaki meupe. Baada ya nusu saa yakawa ya pinki. Akaniambia: "Yaya, tuyo ikikaa tupu inanyonya kile kiko kando yake. Kwenye chemchemi ya kwanza ndiyo bora. Kwenye robine ya kwanza ndiyo ya kumwaga."

Heshima yetu tuliihamisha kutoka mlimani mpaka kwenye robine, bila kumwuliza mtu. Sijifichi, Ndahiro. Mkono uliompa kopo ni huu unaoandika.

Lakini Blandine aliuliza kama mradi uliacha karatasi yoyote. Nikatoa ile bahasha uliyoniambia niitunze. Kifaransa kitupu. Akanisomea. Mstari wa nne: kila maji yakikatika na kurudi, yaachwe yamwagike dakika thelathini, halafu watu watie klore nyumbani siku tatu. Chini ni sahihi yako, tarehe 2 Desemba. Robine uliifungua tarehe 9. Ni siku saba katikati.

Na juma lililopita umeiandikia komite ya avenyi: maji iko sawa, mufungue. Tangu tarehe 5 minye nimefunga kufuli. Josée ananichoma: "Yaya Uwizeye, unafunga maji ama unamfunga Ndahiro?" Ana haki ya kusema. Watoto wake wanne sasa wanachota ziwani, na ziwani ugonjwa uko vilevile. Sitaweza kufunga daima.

Msalimie Marie-Jeanne, mbusu Lionel. Josée na Blandine wanakusalimu. Mungu aliyemlinda Mama kwenye njia zote za mlimani awalinde na ninyi huko mjini.

Nataka vitu viwili. Cha kwanza ni neno moja, ndiyo au hapana: ulipoinua ile glasi, mstari wa nne ulikuwa umeshausoma? Cha pili ni karatasi ya Kiswahili, kwa mkono wako na sahihi yako, inayosema maji hayo yanyweke lini na yasinyweke lini. Piga picha, unitumie kabla ya saa sita mchana, Jumamosi tarehe 25 Mei. Jumapili tukitoka ibadani nafungua kufuli. Kama yako haijafika, nitabandika juu ya robine ile ya Kifaransa, na Blandine ataisoma kwa Kiswahili mbele ya nyumba thelathini na nne, mpaka kwenye sahihi. Nijibu.

Minye yaya wako, ambaye hajaacha kukupenda,

Uwizeye