Yale ya Macho Uliyoniambia, Mama

Mama yangu,

Kwanza ujue unaandikiwa na fundi ambaye Voi nzima haina wa pili. Pikipiki iliyokufa wiki mbili, mimi nikiikoholea tu, inawaka. Juzi mteja aliapa nimeiroga plagi. Nikamwambia huu si uchawi, ni sura. Ungekuwa hapa ungesema, "Sura gani, na hujanawa?"

Nakumbuka ulivyorudi nyumbani Sagalla baada ya kutolewa kizazi. Ulitembea umeshika tumbo kama mtu aliyebeba mayai. Kisha likaja lile joto la mwili la wanawake waliokoma hedhi. Umekaa kivulini, jasho linakutiririka, unalowesha leso kwa maji tuliyoyapandisha mlima kwa madumu. Nikakutania, "Mama, rejeta ya gari inachemka." Ukanirushia kiatu, ukakosa, ukacheka mpaka ukashika kidonda. "We mtoto, utanifungua nyuzi!"

Daktari alipokupa vidonge vya homoni, joto likapoa. Ukarudi shambani, ukarudi kwaya, tukashukuru. Ndipo kikaanza kipandauso, kile kichwa cha kupasua upande mmoja. Ulitundika blanketi dirishani mchana kweupe, na mimi pikipiki nikawa naisukuma mpaka barabarani ndio niiwashe. Heshima hiyo sijawahi kumpa mtu mwingine.

Asubuhi moja ulikuwa unachambua kunde, mkono ukasimama. "Mwakio, kuna miali inakimbia machoni. Nakuona uso nusu."

"Basi umebahatika, umeona ile nusu nzuri."

Hukucheka. Haukupita muda, kichwa kikakulaza.

Sasa uko Taveta kwa dada Wakesho, tangu kiharusi kichukue mkono wa kulia na maneno yako yote. Nilipokuja mwezi jana alikuwa anakulisha ndizi za kuponda huku anakugombeza, ile ya kupenda. "Lakini Mama, kwa nini hukumwambia daktari unaona miali? Si alisema vidonge vile vya homoni kwa mtu anayeona miali vinaweza kuleta kiharusi, angejua mapema angekubadilishia dawa? Wewe na kuficha kwako!" Ulinitazama tu. Mimi nikasifu ndizi.

Wakesho, najua ni wewe unayemsomea. Hapa soma polepole, usiruke.

Mama, siku ile tuliyokwenda kliniki kwa ajili ya kichwa, taa za ndani zilikuumiza, ukabaki nje kwenye benchi, leso usoni. Ukanituma, "Ingia unisemee. Usisahau yale ya macho." Wala sikusahau. Daktari mwenyewe aliniuliza kama huwa unaona kitu kabla kichwa hakijaanza. Nikawaza watu wa maombi kwetu, mtu akisema anaona vitu wanamzunguka kumtoa mapepo. Na daktari alikuwa msichana mrembo, mimi nimechomekea shati, najikaza na Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nikaona aibu. Nikasema, "Haoni kitu, daktari. Ni kichwa tu." Akaandika vidonge vilevile vya homoni.

Nilipotoka uliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia yote. Ukanishika mkono, ukasema, "Asante, baba."

Jumapili nitakuja. Ukitaka kunigeuzia uso ukutani, geuza, nitakaa hapohapo. Ila asikugombeze mtu tena. Wewe hukuficha kitu, Mama. Ulisema vizuri kabisa. Ni mimi niliyekaa na maneno yako.

Kitindamimba wako