Nani Atanivalisha Nikivua Nyeusi

Bunia, Mudzipela
Jumapili, baada ya ibada

Kwa yaya wangu Mwamini,

Nakusalimia, yaya, wewe na wote walio chini ya paa la mama huko Kindu. Goti la mama linaendeleaje? Usiniambie tena kwamba "linaenda kidogo kidogo", hilo ni jibu la kumfukuza mtu. Niambie kama anafika uani peke yake au anashikwa mkono. Na wewe, kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Sisi huku tuko wazima. Plamedi amenipita kwa urefu, anakula kama mtu anayeshinda shambani, na sauti yake imekuwa ile ile ya baba yake, nzito, ya kusikika hata akinong'ona.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Yaya, wewe ujumbe wa sauti unaufungua katikati ya ua, sauti juu kabisa, majirani wanaupata kabla yako. Haya ya leo si ya ua. Barua hii nitampa mama mmoja wa kanisani kwetu anayepanda ndege kuja huko. Isome kwanza peke yako, kisha umsomee mama, na pale utakapoona hapamfai, ruka.

Matanga ya Baba Plamedi yaliondolewa jana. Nimevua nyeusi. Lakini nianze mwanzo, maana nikikupa ya jana peke yake hutaelewa kwa nini naandika.

Mwaka mzima nilivaa ile nguo nyeusi. Nimeuza nayo samaki wa chumvi sokoni, nimefagia nayo, nimepanda nayo moto-taksi kwenye vumbi mpaka ikawa na rangi ya barabara. Ukoo ulipokaa na kusema siku imefika, waliniambia nijitayarishe, mjane akitoka kwenye nyeusi lazima avalishwe nguo nzuri, watu wote waone. Nilifurahi, yaya. Nakuambia ukweli, nilifurahi kama msichana. Nikasema nitatafuta kikwembe cha kujifunga, cha maana, kizito, kisichochuja, na nitaomba ushauri kwa watu wanaojua mavazi, kwa sababu baada ya mwaka wa rangi moja nilikuwa sijui tena nini kinanikaa.

Ee, huo ushauri! Mama mwenyekiti wa kwaya aliniambia mjane havai kitu kinachong'aa, nichukue rangi ya kahawia, nisije nikasemwa. Jirani yangu akanionyesha kwenye simu msichana mmoja wa Kinshasa anayefundisha wanawake kuvaa. Anasema kuna miili ya aina ya peya na miili ya aina ya chupa, na kila mmoja ana nguo yake. Nilimtazama mpaka mwisho nikisubiri aseme neno kuhusu mwanamke anayebeba beseni la samaki kichwani. Hakusema. Mwishoni akatangaza mikoba.

Sokoni ndiko nilikochafuka roho kabisa. Vikwembe vimepangwa, vimeandikwa pembeni "super", vinang'aa hata unaviogopa. Unakigeuza upande wa pili, cheupe kama karatasi! Rangi imepakwa upande mmoja tu. Nikaanza kutembea na kipande cha sabuni na chupa ya maji kwenye mkoba. Nikifika kwenye meza naomba nifue pembe moja tu, upana wa kidole kimoja. Wengine walicheka, wengine walinifukuza. Mmoja alinipigia kelele, "Mama, unataka kununua ao unataka kufula? Enda ku muto!" Nikakisugua chake huku anapiga kelele, na povu likatoka bluu, mkono wangu bluu, na yeye bado ananiapia kwa Mungu kwamba ni cha asili. Hakuona hata haya. Kwenye marobota ya mitumba nikashika gauni moja zuri la kitani, nikalinusa: kwapa la mtu nisiyemjua, na doa ambalo sitakutajia. Wanatuuzia hata jasho la wafu, yaya.

Basi wifi yangu Jeanne, dada wa marehemu, akanipeleka mjini kwenye butiki ya mama mmoja anayeitwa Madamu Solange. Akasema huyo ndiye anayevalisha wake za wakubwa. Madamu Solange uso wake ni mweupe wa machungwa, lakini vifundo vya vidole ni vyeusi kama vyangu. Hakuniuliza jina. Alinishika kidevu, akanigeuza shingo kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mama, hii ngozi iko nazimisha nguo," akasema. "Nguo ya bei inaomba ngozi ya kuangaa. Anza na hii mafuta, wiki mbili tu, kisha tutazungumuzia mambo ya kuvaa."

Akanisukumia kopo. Nilifungua, yaya. Lilinuka dawa ya kuua wadudu. Nikamwambia ngozi hii marehemu hakuilalamikia hata siku moja. Akacheka, akasema marehemu hayuko, ila shemeji yangu yuko, na yeye anajua anachotaka. Kisha akatoa gauni jekundu lililokwisha kushonwa, limebana kiunoni, mgongo wazi mpaka kwenye mkanda.

"Papa Désiré alishapita. Alichagula yeye mwenyewe. Alinieleza mwili wako kwa mikono, hivi."

Na akanionyesha kwa mikono. Nikaliacha gauni mikononi mwake, nikatoka.

Désiré unamjua kwa jina tu. Ni mdogo wa marehemu, ana mke na watoto wanne kule Nyakasanza. Mwaka mzima alikuwa anakuja kutusalimia mikono mitupu. Jioni ile alikuja na gauni kwenye mfuko wa nailoni. Alilitoa, akaliweka juu ya bega langu, juu ya nyeusi, akawa analinyosha kwa kiganja, polepole, kana kwamba ni ukuta anaoupaka lipu.

"Zunguka kidogo nione namna linakaa. Weye uko bado kijana, Mama Plamedi. Haifai ujifiche."

Plamedi alikuwa anachambua maharagwe pale pale. Sikuzunguka. Nilimwambia aliache gauni, nitaliangalia. Alipoondoka nilikoga mara mbili.

Kesho yake nilimkamata Jeanne. Nilimuuliza, kwa nini mwanaume mwenye mke wake ananitafutia nguo? Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini mvua ina maji.

"Hukujua? Huku kwetu, mutu wa damu ya marehemu mwenye kuvalisha mujane, njo anabaki mukubwa wa ile nyumba. Anabaki na muke, anabaki na mutoto, anabaki na kiwanja. Désiré alisema ni yeye atakuvalisha. Wazee walishaitika."

"Na mimi nikikataa?"

"Ukikataa, unarudia kwenu. Lakini mutoto ni wetu."

Yaya, nilikaa chini. Kumbe siku zote hizi nilikuwa natafuta nguo, nauliza nani anajua mavazi, na wao walikuwa wanashona kitanda. Wakuu wa ukoo walikaa, wakanywa pombe, wakakubaliana kuhusu kiuno changu, na hakuna hata mmoja aliyeniita. Na Jeanne, mwanamke mwenzangu, aliyenisindikiza mpaka kwenye ile butiki akinishika mkono! Kinachonichukiza zaidi ni yeye. Désiré ana tamaa, hiyo naielewa. Yeye alikuwa na nini?

Nilifikiri kukuita wewe au baba mdogo mje mnivalishe. Lakini kutoka Kindu si safari ya wiki moja, na Jeanne alisema damu ya marehemu, si damu yetu. Nililia jikoni, kimya. Plamedi akaingia. Kumbe alisikia yote.

"Mama," akasema, "ule gauni usivae. Weye unatembeaka mbio. Na ule utakuwa unaruka kama chura."

Huo, yaya, ndio ushauri wa kwanza wa mavazi niliopewa mwaka huu na mtu aliyewahi kunitazama nikitembea. Akaendelea, "Unatafutaka rangi ya njano kila siku, hata kwa kikombe. Na mikono ya nguo iwe mufupi, sababu unapenda kupandisha mikono ukiongea." Kisha akauliza lile neno. "Shangazi alisema mwanaume, ao alisema mutu wa damu?"

Nikamwambia, alisema mtu wa damu.

"Miye niko damu ya nani?"

Ana miaka kumi na mitano tu. Nilimtazama na nikaogopa, na nikajivuna, vyote pamoja.

Tulirudi sokoni sote wawili na sabuni yetu. Safari hii tulimpata mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Bule, ameweka vikwembe vichache juu ya turubai. Nilipomwomba kufua pembe akaniambia, "Fula hata yote, nitakuanikia." Kilikuwa cha njano, na majani ya kijani, kizito, rangi moja pande zote mbili. Povu lilitoka jeupe. Plamedi ndiye aliyelipa, kwa faranga zake za kusuka nywele za wenzake. Nilitaka kukataa, akanikazia macho. Fundi wa pale Mudzipela alitaka kuniwekea mikono ya puto kama kwenye kalenda yake ya modeli. Tulikaa mbele ya cherehani yake mpaka libaya, blauzi yenyewe, likaisha bila puto.

Jana asubuhi wanawake walinichukua kunikogesha. Nyeusi ikavuliwa. Jeanne akaleta lile gauni jekundu, na nje Désiré alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti, anasubiri aingie kunifunga mkanda mgongoni, maana ndivyo inavyofanywa. Plamedi akampita Jeanne, akafunga mlango kwa ndani. Akanivalisha libaya. Akanifunga kikwembe, akakivuta, akakifungua, akakifunga tena vizuri zaidi.   Jeanne akawa anagonga kucha zake kwenye ubao wa mlango akisema, "Hapana, hapana, hapana."

Tulitoka. Watu walipiga vigelegele kwanza, kwa sababu nilipendeza, yaya, wacha nijisifu. Kisha wakaona Désiré bado yuko nje na mikono mitupu. Mzee mkubwa wa ukoo akasimama.

"Nani amemuvalisha huyu mama?"

"Ni miye," Plamedi akajibu.

"Weye uko mutoto."

"Niko mutoto wa nani, babu?"

 Désiré akaanza kusema kwamba haijawahi kuonekana, kwamba ni mimi nimemfundisha, kwamba mtoto wa kike hawezi. Alisema mengi, jasho linamtoka, na kila alivyosema ndivyo watu walivyozidi kuelewa alichokuwa anakitaka. Mkewe wa Nyakasanza alikuwa amekaa safu ya pili. Hakuwa ameambiwa. Aliinua mtoto wake mdogo, akaondoka.

Mwishowe mama mkwe akazungumza. Mwaka mzima hakunipa zaidi ya salamu, na wala sasa sidhani ananipenda. Hakusimama. Alisema, "Ni sauti ya mutoto wangu ile. Kama amemuvalisha, amemuvalisha. Leteni chakula."

Basi. Sijui kama imekwisha. Désiré anasema wazee watakaa tena. Kwa hiyo sikiliza vizuri, yaya: akipiga simu kwa baba mdogo, au akituma mtu na mbuzi au na bahasha, msipokee chochote, hata soda. Mwambieni binti yenu alishavalishwa. Gauni lake liko kwenye mfuko ule ule, nimelitundika nje kwenye msumari wa lango, aje alichukue.

Jioni watu walipokwisha kutawanyika nilikwenda kuwasha makaa kwenye mbabula. Plamedi akaninyang'anya kiberiti. Akasema kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba hii, leo mimi sipiki, nikae. Nikakaa. Na hapo, yaya, ndipo nilipomlilia mume wangu. Mwaka mzima nilikuwa nalia kwa ajili ya watu, waone ninalia vya kutosha. Jana nililia bila mtu wa kunipima, na mwanangu akaniacha, akawa anakoroga ugali akinipa mgongo.

Msalimie mama, umwambie nakula. Msalimie baba mdogo na mkewe, na yule mama jirani wa mkono wetu wa kushoto, aliyenisuka siku ya harusi yangu. Watoto wako wote uwabusu, hasa yule wa mwisho nisiyemjua bado sura.

Ni mimi mdogo wako Feza, niliyevalishwa na binti yangu.