Kaka Ameazima Kabureta

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimefungua gereji, nimefagia, nimelifuta vumbi gari langu jekundu kabla ya kugusa la mteja. Kama kawaida. Kaka Saidi anasema ninalitunza kama mwali. Acheke. Mtaliano mmoja aliyekuwa akihama nchi aliniuzia likiwa bovu. Nililisimamisha hapa nje, Kariakoo nzima ikaja kulishangaa, na wenye magari ya mbio yaliyowashinda kutengeneza wakaanza kuniletea. Ndivyo gereji ilivyozaliwa. Sasa limepona. Jumapili nitaliendesha mpaka Bagamoyo, nirudi kabla ya saa nane mchana, maana kila Jumapili baada ya hapo serikali hairuhusu magari barabarani, ili kubana petroli.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimefunua boneti. Kabureta haipo.

Kaka ameiazima. Ndilo neno letu hapa gereji. Spea haziji, fedha za kigeni hakuna, basi tunang'oa kwenye gari linalosubiri, tunafunga kwenye linaloondoka, kisha tunarudisha. Lakini langu halikuwa likisubiri kitu. Amemfungia mkurugenzi mmoja mwenye safari ya Dodoma. Nimewaka. Nikasema, naam, kaka. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, na kiwanja ni chake. Ninaichukia ile naam.

Alhamisi, 10 Oktoba
Stata nayo imekwenda. Kwa mteja mwingine. Sikuulizwa.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mke wangu kasikia sokoni. Mkurugenzi hakwenda safari, kahamishiwa Dodoma moja kwa moja, na mke na vitanda. Kabureta ndiyo basi. Nilipomwuliza kaka, akasema nitulie, gari lenyewe haliendi popote.

Lingekwenda Bagamoyo.

Nimerusha spana ukutani.

Jumamosi, 12 Oktoba
Wateja wapya wawili. Wamelisifu sana gari la nje, hawajui ni ganda tu. Kaka akawaitikia kwa tabasamu kama lake vile. Hapo nikashindwa. Nikamwambia mbele ya mafundi wote, "Kaka, hukuazima. Umeniibia."

Alivua ovaroli, akalikunja, akaenda zake nyumbani Magomeni. Mafundi wakainamia kazi. Sijuti hata kidogo.

Jumapili, 13 Oktoba
Kaka alikuja saa tisa mchana, kwa miguu, kavaa kanzu. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Sikumwamkia. Mara ya kwanza tangu nijue kusema.

Akafungua mlango wa gari. "Panda."

Nikapanda, kwa hasira tu, nione anataka nini. Akazunguka nyuma akaanza kusukuma.

Tukapita Msimbazi, barabara nyeupe, hakuna gari. Watu wakatoka vibarazani kututazama. Mnazi Mmoja askari akatusimamisha, akatuuliza kama hatujui leo ni siku gani na kwamba saa nane imepita.

Kaka alikuwa amelowa jasho, kanzu imemganda mgongoni. Akasema, "Haliendeshwi, afande. Linasukumwa."

Askari akalizunguka gari, akatazama matairi. Akatupisha.

Njia nzima nilishika usukani. Ni mwepesi, unaitika kwa kidole. Wakati wa kurudi nilitaka kushuka nimpokee, akakataa. Kabureta hairudi, na kesho mafundi watang'oa kitu kingine. Bado nina hasira naye.

Tulipofika gereji nikaweka breki ya mkono, nikashuka.

"Shikamoo, kaka."

Alikuwa akihema. Akaitikia.